Nusu Saa ya Jumapili: Nilivyojifunza Kuutafuta Muziki wa Asili wa Mataifa Mengine

Kipindi sikukiomba. Mwenzetu aliyekuwa akikiendesha alipata kazi Dar es Salaam, akaaga Ijumaa, na Jumatatu meneja akanikabidhi mimi kwa kuwa nilikuwa mgeni kuliko wote kituoni. Redio yetu ni ya jamii, iko pwani ya Tanga, studio ni chumba kimoja juu ya duka la mabati na saruji, na masafa yake yakijitahidi sana yanafika wilaya ya jirani. Kipindi kiliitwa "Muziki wa Dunia", Jumapili saa mbili na nusu usiku, dakika 30. Bajeti hakuna. Maktaba ilikuwa folda moja kwenye kompyuta, imejaa nyimbo zisizo na majina, "Track 03", "Track 07", nyingi filimbi za taratibu zilizowekewa kinanda cha umeme kwa nyuma, muziki wa kupigwa mapokezi ya hoteli wageni wakisubiri funguo.

Naandika kwa sababu kuna vijana wananiuliza natoa wapi ninachopiga. Baadhi yao ni watangazaji wenzangu, waliotupiwa kipindi bila kuulizwa. Wengine hawana redio, wamechoka tu kusikia nyimbo zilezile kwenye daladala na wanataka kujua watu wengine wanaimba nini wakioa, wakilima na wakizika. Mengi ya haya yanawafaa wote.

Miezi ya mwanzo niliendesha kipindi kwa ramani. Jumapili hii Mongolia, ijayo Peru, inayofuata Ureno. Nilijiona msomi. Nafungua kwa kutaja mji mkuu na idadi ya watu, nafunga kwa "asante kwa kusafiri nasi". Simu ya studio haikulia, na ilipolia alikuwa mtu anauliza kama naweza kumsomea salamu ziwafikie shemeji zake wa Muheza. Anayezijua redio za huku anajua kwamba salamu ndizo mshahara wetu. Lakini msikilizaji anayekatiza kipindi cha muziki kuomba salamu anakuambia kwa adabu kwamba huo muziki haujamfika.

Baadaye nilisoma kwamba jina la kipindi chetu lenyewe lilizaliwa kibiashara. Mwaka 1987 watu wa kampuni ndogondogo za santuri walikutana kwenye baa moja London, wakakubaliana jina moja la kubandika kwenye rafu za maduka, ili mteja anayetaka kora ya Mali au kwaya ya Bulgaria ajue pa kutafuta. Kwa muuza duka lilikuwa jambo la busara. Msikilizaji halimsaidii kitu. Fidla ya Mongolia na filimbi ya Peru hazina cha kuambiana, na mtu wa Pangani hana pa kuzishikia.

Aliyeninasua ni mzee mmoja wa hukohuko Pangani, mpiga fidla wa taarab tangu ujana wake. Alipiga simu kipindi kimekwisha, hakutaka kwenda hewani. "Mwanangu," akasema, "hao Wamongolia wako hawana neno. Lakini una ala ya kanuni hapa mlangoni hujaiuliza habari zake, unakwenda kupiga hodi Mongolia?"

Jumamosi nilipanda basi kumfuata. Shikamoo na habari za nyumbani zikaisha, kahawa ikaja, naye akaitoa kanuni ndani ya shuka. Ni sanduku bapa, upande mmoja umekatwa mshazari, linalokaa mapajani, lina nyuzi zaidi ya 70 zilizopangwa tatutatu, kila tatu kwa sauti moja. Mpigaji huvaa pete kwenye vidole vya shahada vya mikono yote miwili, na ndani ya pete huchomeka ubale mwembamba wa kudonolea. Upande wa kushoto kuna vyuma vidogo vya kupandisha na kushusha sauti. Mzee aliinua kimoja bila kutazama, akadonoa, na sauti ikakaa katikati ya zile mbili ninazozijua kwenye kinanda. "Hapo," akasema. "Hapo ndipo nyimbo zetu za kale zinapopitia. Kinanda chako hapo hakina mlango."

Akanisimulia habari ambazo Unguja kila mtu wa taarab anazo: kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta wapigaji kutoka Misri, kisha akampeleka Mohamed Ibrahim Kairo kujifunza kanuni, kwamba mwaka 1905 vijana wakaunda Ikhwani Safaa, na klabu hiyo ipo mpaka leo. Nilirudi Jumapili nikiwa na mpango mpya, wa kushika uzi mmoja na kuufuata unakokwenda.

Wiki ya kwanza tulikuwa Unguja na kanuni. Ya pili Kairo, na nikawaeleza watu kuhusu Umm Kulthum, ambaye kwa miaka mingi aliimba redioni Alhamisi ya kwanza ya mwezi na mitaa ya miji ya Waarabu ikawa mitupu. Ya tatu Uturuki, ambako kanuni ina vile vyuma vidogo vingi zaidi kwa kila sauti, kwa hiyo mpigaji anakatakata nafasi ndogo ambayo Mmisri huipata kwa kubonyeza kucha ya kidole gumba kwenye uzi. Halafu nikageuka nikaelekea Bombay, kwa kuwa huko ndiko Siti binti Saad na wenzake walikopelekwa kurekodi santuri mwaka 1928, na mtu akishafika Bombay anakutana na harmonia, na harmonia inampeleka Pakistani kwenye kawali, wanaume wameketi chini wakipiga makofi na kumsifu Mtume mpaka jasho linawatoka.

Simu zikaanza kulia. Iliyonifurahisha kuliko zote ilitoka kwa mama mmoja mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Tanga. Alitaka kujua kama nitafika kwenye tashkota. Sikuwa nimewahi kuisikia, na nilimwambia hivyohivyo hewani. Akacheka, akasema mjomba wake alikuwa akiipiga kwenye maharusi ya Mombasa, na ina vibonye mithili ya taipureta.

Nikaenda kuitafuta. Tashkota ni ala ya Kijapani. Ilibuniwa Nagoya mwaka 1912 na Morita Goro, na kwao huitwa taishogoto: nyuzi zimetandazwa juu ya ubao, mkono mmoja unabonyeza vibonye vyenye namba, mwingine unapiga nyuzi. Ikauzwa nje, ikafika India ikapewa jina la bulbul tarang, Wabaluchi wa Pakistani wakaichukua wakaiita benju na kuirefusha, na Mombasa ikaingia kwenye taarab ya mahadhi ya Kihindi, ikaunganishwa na amplifaya ili isikike kwenye harusi. Ala iliyobuniwa na mtu mmoja, na kila ufuko ukaipa nyimbo zake. Kipindi kile nilicheza Japani, Karachi na Mombasa kwa kufuatanisha, bila maneno mengi katikati, na wasikilizaji wakabishana kwa simu ni ipi tamu. Mombasa ilishinda, ingawa mahakama ile haikuwa huru.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ningeruhusiwa mmoja tu ningebaki na huu: anza na ala au mtindo unaousikia nyumbani, kisha uliza ndugu zake wako wapi. Si lazima uwe mtu wa pwani. Mkuria ana litungu, ala ya nyuzi za kudonolewa. Akivuka kwa Wajaluo ataikuta nyatiti, akipanda Ethiopia ataikuta krar, akishuka Ghuba, Kuwait na Bahrain, ataikuta tambura iliyofika huko na Waafrika waliochukuliwa utumwani. Akiwa hukohuko Ghuba asikilize lewa ya Oman, atasikia maneno ya Kiswahili yameng'ang'ania ndani ya wimbo. Mtu anayefuata uzi namna hii anajua kwa nini anasikiliza, na akikutana na sauti ngeni ana cha kuilinganisha nayo.

Sasa nizungumzie mkwaruzo, kwa kuwa nusura unifukuzishe kazi.

Jumapili moja nilipiga mbira ya Zimbabwe, ubao wenye vyuma vya kudonolewa kwa vidole, rekodi nzuri, mtu mmoja na mwenzake anayetikisa hosho, kayamba la kibuyu. Hata dakika mbili hazijaisha fundi mitambo akaingia mbio, akashusha sauti, tukabaki kimya hewani. "Spika imepasuka!" Simu nazo zikaanza: redio yenu inakwaruza, rekebisheni mitambo. Nikapiga kitu kingine kumalizia muda. Kesho yake fundi alifungua spika na bisibisi, akaikuta nzima, na akakasirika zaidi kuliko angeikuta imepasuka.

Mkwaruzo ule umo ndani ya mbira yenyewe. Mbira ya Washona huwekwa ndani ya kibuyu kikubwa, na kwenye kibuyu na ubao hufungwa vipande vya kombe, siku hizi vizibo vya soda, makusudi vitetemeke kila chuma kinapopigwa. Anayeipiga anaona sauti isiyo na mtetemo huo iko uchi. Na hatuna haja ya kwenda Zimbabwe kulithibitisha hilo. Ilimba ya Wagogo, ile aliyokuwa akiipiga Hukwe Zawose hadi majukwaa ya Ulaya kabla hajafariki 2003, ina tundu kwenye sanduku lililozibwa kwa utando wa buibui, kazi yake ni kuvuma. Balafoni ya Afrika Magharibi ina vibuyu chini ya mbao, na vibuyu vina matundu yaliyozibwa kwa utando huohuo. India, mpiga tanpura hupitisha uzi mwembamba wa pamba chini ya kila waya pale unapoegemea, anausogeza kidogokidogo mpaka waya uanze kuunguruma.

Nikaandaa kipindi kizima cha mkwaruzo. Safari hii niliwaambia watu mapema: sikilizeni kwanza kinachokwaruza, nyimbo yenyewe itakuja. Nilianza na ilimba kwa sababu Dodoma si mbali. Fundi mitambo alikaa studio mpaka mwisho, mikono kifuani, na tulipofika kwenye tanpura akaniuliza huo uzi wa pamba unanunuliwa wapi.

Yapo mambo ya vifaa hapa ambayo ni vyema uyajue kabla hujatoa hukumu juu ya muziki wowote. Spika ya simu inaua nusu ya muziki wa asili. Haina besi, kwa hiyo gimbri, ala ya nyuzi ya Wagnawa wa Moroko, ambayo ndiyo inayobeba mwili mzima wa wimbo, haisikiki kabisa, unabaki na makofi na vyuma vinavyogongana. Uimbaji wa koo wa Watuva wa Siberia na Wamongolia, mtu mmoja akitoa mvumo chini na mluzi juu kwa wakati mmoja, ukipita kwenye faili iliyobanwa sana unapoteza ule mluzi unaomfanya mtu ashangae. Nilinunua hedifoni za mtumba zenye waya, kubwa, za kufunika sikio, na zimenisaidia kuliko kitu chochote nilichowahi kukilipia katika kazi hii. Kama fedha inatosha kitu kimoja, nunua hizo kabla ya bando.

Nyumbani nako kulikuwa na kesi yake. Naishi na mama yangu. Usiku mmoja nilikuwa nasikiliza kwaya ya wanawake wa Bulgaria kwa spika, kwa sauti, na mama akatoka chumbani amejifunga kanga kichwani: "Kwa nani kuna msiba?" Nilimwambia ni watu wanaimba. Akasimama mlangoni akasikiliza. Wanawake wale huimba kwa sauti ya kifuani, ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya shamba, na wakiwa wawili hupenda kuziweka sauti zao karibu sana hata zinasuguana. Mwalimu wa kwaya ya kanisani angewasimamisha, wao wanaona hapo ndipo utamu ulipo. Mama alisema, "Wanajua," akarudi kulala.

Muziki wa kule ulinishinda kwa sababu nyingine. Nilikuwa nashindwa kuupigia makofi. Kila nikidhani nimeukamata, unanitoka. Ukweli ni kwamba ngoma zao nyingi hazihesabiwi nne wala tatu. Ile iitwayo rachenitsa huhesabiwa saba, lakini saba iliyogawanywa: mbili, mbili, tatu. Piga mezani kwa kiganja "moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu", bila kupumzika mwishoni, ukikaza ile moja ya kila kundi. Mwanzoni mkono unagoma. Baadaye mwili unaelewa kwamba ni hatua tatu, mbili fupi na moja ndefu, na hapo unaacha kuhesabu. Nilipoweza hiyo nikaenda kwenye kopanitsa, ambayo ni kumi na moja: mbili, mbili, tatu, mbili, mbili. Bado inanitoa jasho. Ninachotaka kusema ni kwamba muziki mwingine hauingii kwa kusikiliza tu umelala kitandani; unataka mkono au mguu. Tafuta picha za video za watu wakiucheza, tazama miguu, usitazame mpiga ala.

Suala la urefu lilinisumbua zaidi kama mtangazaji. Nusu saa ni nini kwa Umm Kulthum, ambaye wimbo wake mmoja ulizidi saa nzima kwa sababu hadhira iliomba beti irudiwe naye akairudia kwa namna nyingine? Raga ya Kihindi huanza polepole, bila ngoma, mpigaji akizitambulisha sauti moja moja. Mimi nilikuwa nakata sehemu hiyo ili nifike kwenye ngoma haraka. Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa mjini kwetu alinisimamisha barabarani akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba nimewapa watu pilau isiyo na mchele. Pia raga ile ilikuwa ya alfajiri, na mimi niliipiga usiku. Tangu hapo muziki mrefu naupa kipindi kizima, nasema maneno machache mwanzoni na kunyamaza. Kwa anayesikiliza nyumbani ni rahisi zaidi: zima skrini ya simu. Hamu ya kuruka mbele haitoki masikioni, inatoka kwenye kidole kilicho karibu na kioo.

Jambo lililonibadilisha kuliko yote lilikuja kwa simu moja fupi. Nilikuwa nimepiga wimbo na kusema, "Hiyo ilikuwa ngoma ya Wagogo." Mama mmoja wa Kongwa, aliyekuja kumwangalia mwanawe anayesoma huku, akapiga. "Wagogo wote waliimba?" akauliza. Nikacheka. Yeye hakucheka. "Mimi ni Mgogo, sikuimba. Aliyeimba ana jina."

Sikuwa nalo hilo jina. Faili halikulisema. Nikaanza kupekua maktaba yangu na nikakuta karibu yote iko hivyo: watu wa Andes, wanawake wa Bulgaria, Wabilikimo wa msituni. Mwanamuziki maarufu ana jina, wa kijijini ana kabila.

Hili lina gharama ya fedha. Solomon Linda, Mzulu aliyerekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939, alilipwa shilingi kumi kwa wimbo uliokuja kuimbwa dunia nzima kwa majina mengine. Alifariki 1962 akiwa maskini, na familia yake ilifikia makubaliano ya kulipwa mwaka 2006. Kwa hiyo sasa wimbo ambao siwezi kumtaja mwimbaji wake, au walau mahali na mtu aliyerekodi, siupigi. Umenipunguzia maktaba sana sheria hii. Imenilazimu pia kujifunza pa kwenda kutafuta.

Pa kwanza ni Folkways, kampuni ya santuri iliyoanzishwa na Moses Asch mjini New York mwaka 1948. Taasisi ya Smithsonian iliichukua mwaka 1987 kwa sharti kwamba hakuna rekodi itakayoondolewa sokoni, hata ile inayonunuliwa na mtu mmoja kwa mwaka. Muziki wenyewe unalipiwa, lakini vijitabu vya maelezo vya santuri hizo vinapakuliwa bure, na humo ndimo kuna majina, vijiji, namna ala ilivyotengenezwa na tafsiri ya nyimbo. Nimesoma vijitabu vya santuri ambazo sijawahi kuzisikia. Pa pili ni mkusanyiko wa Alan Lomax, Mmarekani aliyezunguka na mashine yake Marekani, Visiwa vya Karibiani, Hispania na Italia. Rekodi zake nyingi zinasikilizwa mtandaoni bila malipo, na zina tarehe na mahali. Pa tatu ni hapa barani, maktaba ya muziki wa Afrika iitwayo ILAM, iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954, sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Tracey alipita Tanganyika, Kenya, Uganda na Kongo. Mwaka 1950 aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakimwimba kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu nusu paa, kumbe ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa gitaa wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye sauti yake iliwafikia kwenye santuri. Miaka ya 2010 rekodi hizo zilirudishwa vijijini Kenya kwa ushirikiano na Ketebul Music ya Nairobi. Nilipokipiga kipande kile, wasikilizaji wangu hawakukiita muziki wa mbali hata kidogo. Walisema bibi zao nao walimgeuza kila Mzungu kuwa hadithi.

Ukitafuta mwenyewe kwenye intaneti, andika jina la ala na la mahali, usiandike "muziki wa asili wa Asia". Andika jina jinsi wenyeji wanavyoliandika, hata kama ni kwa herufi zao. Nakili herufi za Kiarabu au za Kirusi kutoka kwenye makala na kuzibandika kwenye kisanduku cha kutafutia, utaingia mlango ambao watalii hawaujui. Usiamini vichwa vya video. Nimekuta uimbaji wa koo wa Tuva umeandikwa kuwa wa watawa wa Tibet, na muziki wa kompyuta umeandikwa kuwa wa Wahindi Wekundu wa kale. Picha ya tai au ya machweo kwenye jalada ni dalili mbaya.

Na uliza watu. Mji wowote wenye bandari, kambi ya wakimbizi au chuo una maktaba inayotembea. Ukiweza kufika Unguja mwezi wa Februari wakati wa Sauti za Busara, tamasha lililoanza 2004, nenda pia mchana, wanamuziki wakifanya mazoezi au wakizungumza, ambapo mtu anakuonyesha ala yake. Usiku kwenye jukwaa unasikia, mchana unauliza.

Kuuliza kuna mipaka yake pia. Niliwahi kupiga nyimbo za unyago, kwa kuwa Bi Kidude alizipeleka jukwaani duniani kote na nikaona hapana tatizo. Bibi mmoja jirani yetu alikuja asubuhi na mapema, hakuingia ndani, akamwambia mama kwamba mwanao ameanika ya ndani barazani watoto wakiwa hawajalala. Wapo wanawake waliompenda Bi Kidude kwa ujasiri huohuo, nami ni mmoja wa mashabiki wake. Hata hivyo nilikwenda kuomba radhi, na nikaelewa kwamba nyimbo za mbira zinazoita mizimu, au za jando la watu nisiowajua, zina mabibi zao huko zilikotoka. Sasa kabla ya kupiga nauliza wimbo huu huimbwa lini na mbele ya nani. Nikipata jibu la "usiku, kwa waliofundwa tu", naueleza kwa maneno na kupiga kingine.

Gharama, nizitaje wazi. Posho ya kipindi haikuwahi kutosha bando la kukiandaa. Nilikuwa napakua usiku wa manane bando likiwa rahisi, nikiamka na macho mekundu. Diski ya nje ya kuhifadhia ilikufa mara moja na kuondoka na kazi ya miezi mingi. Weka nakala mbili, moja isikae nyumba moja na nyingine. Mchumba niliyekuwa naye alisema napenda watu waliokufa kuliko walio hai, na hoja yake haikuwa nyepesi. Ukiwa redioni kuna leseni ya hakimiliki pia, kituo kinapaswa kuwa nayo, na orodha ya ulichopiga iandikwe kwa majina kamili, maana fungu la msanii haliwezi kumfika kama umemwandika "Track 07".

Sasa tuko kwenye gitaa. Uzi huu unaanzia Katanga, kwa Jean Bosco Mwenda, ambaye Tracey alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952, akiimba Kiswahili huku kidole gumba kikipiga besi na vingine vikiimba juu. Dereva mmoja wa lori anayekwenda Lubumbashi ameniletea kanda za zamani za huko kwenye mfuko wa rambo. Kanda iliyokaa miaka usiitie kwenye deki mara moja. Itazame kwenye mwanga kama ina ukungu, izungushe kwa kalamu mbele na nyuma mpaka iwe laini, safisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, halafu irekodi kwenye kompyuta kwa mara ya kwanza ileile unapoicheza, kwa kuwa huenda isikubali ya pili. Baadhi zimekubali. Moja, nzuri kuliko zote, ina wanaume wawili na magitaa mawili, na karatasi yake imeliwa na mende, haina jina. Nimemtumia dereva kipande cha dakika moja kwenye simu. Akifika Likasi amchezee aliyempa kanda na kumuuliza ni akina nani, na huyo asipojua, aulize nyumba ya jirani.